Shahada ya Bustani si Shahada ya Kumwagilia Maua

Upo mzaha mmoja ambao umezoeleka maofisini na katika vyumba vya walimu. Ukisema kijana fulani anasomea sheria, watu hutikisa kichwa kwa heshima. Ukisema anasomea udaktari, wazazi wake hupongezwa. Lakini ukisema anasomea shahada ya uzamili ya kilimo cha bustani, watu huangua kicheko: "Miaka miwili zaidi chuoni, kujifunza kumwagilia maua?"

Mwandishi wa makala haya aliusikia mzaha huo ndani ya basi lililokuwa likitoka Mbeya kwenda Tukuyu. Aliyeutoa alikuwa mtumishi wa umma aliyevaa tai. Aliyechekwa alikuwa kijana wa Kisiba, mtoto wa wakulima wa migomba. Kijana yule hakujibu. Aligeuka akatazama dirishani. Basi na tumjibie.

Yafaa ieleweke tangu mwanzo kwamba huo si mzaha. Ni kasumba, tena kasumba yenye historia.

Wajerumani walipokuwa wakiitawala nchi hii kwa mabavu, mwaka 1902 walianzisha kituo cha utafiti wa mimea na kilimo huko Amani, katika milima ya Usambara. Wanasayansi wao walikaa pale wakipanda, wakipima na kuandika. Mwafrika naye alikuwapo, lakini kazi yake ilikuwa kushika jembe na kubeba maji. Waingereza walipokuja, mtunza bustani aliitwa "shamba boi", hata kama alikuwa mzee mwenye wajukuu. Kwa hiyo sayansi ya bustani ilikuwa mali ya mtawala, na jasho la bustani lilikuwa fungu la mtawaliwa. Anayemcheka leo msomi wa bustani anaulinda mgawanyo huo bila kulipwa mshahara na mkoloni yeyote.

Na mgawanyo huo una gharama. Mnamo mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani wa huko Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliupeleka kwao mmea mdogo wa Usambara wenye maua ya zambarau. Mwaka uliofuata mtaalamu wao Hermann Wendland akaupa jina la kisayansi la Saintpaulia, kwa heshima ya ukoo wa ofisa huyo. Wasomi wa bustani wa Ulaya na Marekani wakauzalisha kwa aina maelfu, na hadi leo huuzwa vyunguni katika madirisha ya dunia nzima. Waliokwenda nao hawakuwa na bunduki mikononi. Walikuwa na elimu ya bustani. Je, milima iliyouzaa mmea huo imebaki na nini?

Turudi sasa Kisiba. Kata hiyo ya Wilaya ya Rungwe iko kusini ya mji wa Tukuyu, katika nchi ya udongo wa volkano, si mbali na Ziwa Masoko lililotulia ndani ya shimo la volkano ya zamani. Mvua ya Tukuyu hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Wenye kucheka husema kwamba katika ardhi ya namna hiyo elimu ya nini? Chomeka kijiti, kitaota.

Kitaota, ndiyo. Lakini je, kitaishi? Chukua mparachichi, mti ambao umeleta matumaini mapya katika wilaya nzima. Mvua ile ile iistawishayo migomba huulea pia ugonjwa wa kuoza mizizi, unaoletwa na kimelea kiitwacho Phytophthora cinnamomi, ambacho hupenda udongo uliojaa maji. Mkulima huona majani yakipukutika juu, kumbe mti umekwisha kufa chini. Kinga ya kudumu ni kubebesha kikonyo juu ya shina linaloustahimili ugonjwa huo. Ni shina lipi lifaalo kwa udongo fulani na mvua fulani? Jibu halipatikani kwa kukisia. Hupatikana kwa kupanda, kulinganisha na kupima kwa miaka. Hiyo ndiyo kazi ya shahada ya uzamili na ya uzamivu.

Chukua tena ua la mti huo. Aina ya Hass hufungua ua lake mara mbili: asubuhi ya kwanza likiwa jike, kisha hufunga, na alasiri ya siku ya pili hufunguka tena likiwa dume. Aina ya Fuerte hufuata saa za kinyume, ndiyo maana aina hizo mbili zikipandwa pamoja husaidiana kuzaa. Siku za baridi na mawingu mpangilio huo huvurugika. Saa hizo hupimwa shambani, ua kwa ua, wala hazipimwi kwenye kiti cha kuzunguka.

Chukua mwisho tunda lenyewe. Parachichi haliivi mtini. Huiva baada ya kuchumwa, na jicho peke yake haliwezi kujua kama limekomaa. Soko la dunia hutaka Hass iwe na ukavu wa asilimia 21 angalau, yaani maji yakishakaushwa, kibaki kiasi hicho cha uzito. Likichumwa kabla ya hapo hunyauka, huwa gumu kama mpira, na mlaji wa ng'ambo hulitupa. Dalali aliyemharakisha mkulima kuchuma amekwisha lipwa akaondoka. Anayebaki na jina baya ni Rungwe, na anayepunjwa bei msimu ujao ni mkulima wa Kisiba.

Novemba 2022 nchi yetu ilitia saini makubaliano ya kuuza parachichi China. Ni ushindi, lakini kila soko la namna hiyo huja na masharti juu ya wadudu na magonjwa. Taifa lisilokuwa na wataalamu wa kuwajua wadudu wake lenyewe litaorodheshewa na mnunuzi, na litasaini bila kuhoji.

Watakuwapo watakaosema kwamba mabwana shamba wenye stashahada wanatosha. La hasha! Tunawaheshimu mabwana shamba, na wengi wao wanafanya kazi katika mazingira magumu. Lakini stashahada humfundisha mtu kutumia yale yaliyokwisha julikana. Masomo ya juu humfundisha kuyatafuta yasiyojulikana. Taifa lenye watu wa aina ya kwanza tu litaazima majibu ya watu wengine daima, na majibu ya kuazima yalitungwa kwa udongo mwingine.

Wengine watasema kupamba mandhari ni anasa ya matajiri. Nao watazame Kitulo, jirani na Rungwe, ambako wenyeji hupaita Bustani ya Mungu, na ambako mwaka 2005 palifanywa Hifadhi ya Taifa kwa ajili ya maua yake. Viazi vya okidi za nyanda hizo vilichimbwa kwa wingi na kuvushwa kwenda Zambia, ambako hupikwa chakula kiitwacho chikanda. Askari anaweza kumkamata mchimbaji. Lakini anayeweza kutafuta njia ya kuilima okidi hiyo shambani, ili mchimbaji apate riziki na nyanda zipone, ni msomi wa bustani.

Hata hivyo, tusiwalaumu wenye kucheka peke yao. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliandika kijitabu akakiita Tujisahihishe, na wasomi nao hawana budi kujisahihisha. Wapo waliokwenda vijijini na madodoso, wakala ndizi za wakulima, wakachukua takwimu zao, kisha wakaandika tasnifu kwa Kiingereza na kuifungia kabatini. Mkulima aliyetoa mti wake upimwe hakuambiwa hata siku moja ulikuwa na ugonjwa gani. Huo nao ni unyonyaji, hata kama umefungwa kwa jalada zuri. Msomi wa namna hiyo ndiye anayempa mwenye mzaha silaha yake.

Nasi walimu je? Mwezi Machi 1967 Elimu ya Kujitegemea ilitaka shamba la shule liwe darasa. Tumelifanya nini? Mtoto akichelewa namba, akalime bustani. Akipiga kelele, akamwagilie bustani. Kwa miaka mingi mtoto huyo anafundishwa kwamba bustani ni mahali pa wakosaji, kisha tunashangaa akikua anamcheka anayeisomea! Kasumba ile ya basini haikuzaliwa basini. Ilizaliwa shuleni, mikononi mwetu.

Basi kazi iliyo mbele yetu ni hii. Kwanza, walimu waondoe bustani katika orodha ya adhabu na kuiweka katika orodha ya masomo, hasa wakati huu ambapo mkondo wa amali umeingizwa katika sekondari. Pili, halmashauri zenye kutegemea matunda na mboga ziombe wataalamu wa ngazi ya uzamili na kuwapa shamba la majaribio, si meza na mafaili. Tatu, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichoanzishwa mwaka 1984, pamoja na vituo vya utafiti vya Uyole na Tengeru, viweke sharti kwamba kila mtafiti aliyechukua takwimu kijijini arudi kusoma matokeo yake kwa Kiswahili mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, ahojiwe na wenye mashamba.

Chama kilikwisha kusema huko Iringa, mwaka 1972, kwamba Siasa ni Kilimo. Kilimo cha leo hakiendi kwa jembe pekee, wala kwa hotuba. Kinataka kichwa kilichosoma na mikono isiyoona haya udongo, vyote viwili katika mtu mmoja.

Kijana wa Kisiba na aende chuoni. Akimaliza, arudi. Na mtumishi yule wa tai akikutana naye tena ndani ya basi, asogee ampishe kiti.