Vidonge vya kuongeza damu: Onyo linaloishia bandarini

Wilaya ya Baiyun, kaskazini mwa jiji la Guangzhou nchini China, inafahamika kwa wafanyabiashara wengi wa Afrika Mashariki kuliko baadhi ya mikoa ya nchi zao wenyewe. Uwanja wa ndege wa kimataifa wa jiji hilo unaitwa kwa jina hilo, lenye maana ya mawingu meupe, na katika mitaa ya Sanyuanli nguo, viatu, mikoba na vipodozi vimekuwa vikifungwa kwa ajili ya Mombasa, Dar es Salaam na Kampala tangu mwanzoni mwa karne hii.

Lakini Guangzhou haiuzi nguo na viatu pekee. Katika jiji hilo hununuliwa pia malighafi za dawa, za vyakula vya mifugo na za virutubisho. Miongoni mwazo ni salfeti ya chuma, chumvi ya kemikali yenye rangi ya kijani hafifu kabla ya kukaushwa na kusagwa. Mwisho wa safari ya chumvi hiyo ni kidonge kinachojulikana na karibu kila mama mjamzito wa Afrika Mashariki: kidonge cha kuongeza damu.

Magunia ya kemikali ya namna hii husafirishwa pamoja na karatasi ya taarifa za usalama yenye sehemu 16, kwa mfumo uliokubaliwa chini ya Umoja wa Mataifa. Karatasi ya salfeti ya chuma inaeleza kwamba unga huo ni hatari ukimezwa, huwasha ngozi na hudhuru macho. Anayeupakua anatakiwa avae glavu, miwani na barakoa. Unga wenyewe ukae mahali pakavu, kwa sababu hewa yenye unyevu huugeuza rangi ukawa wa manjano au kahawia, na chuma kilichogeuka hivyo hufyonzwa kwa shida mwilini. Ukimwagika, uzolewe, usioshwe kwa maji kuelekea mtaroni.

Yote hayo ni sahihi, na ni ya lazima. Tatizo ni kwamba karatasi hiyo imeandikwa kwa ajili ya kuli wa bandarini na mfanyakazi wa ghala. Unga ukishakuwa kidonge, na kidonge kikishahesabiwa kutoka katika kopo kubwa na kutiwa katika kibahasha, onyo huwa limebaki nyuma. Anayekipokea ni mama mwenye watoto wadogo nyumbani.

Vidonge kumi

Kidonge cha kawaida anachopewa mjamzito kina takriban miligramu 60 za chuma halisi pamoja na asidi ya foliki. Kwa mtu mzima hicho ni kipimo salama. Kwa mtoto hesabu ni nyingine kabisa. Madaktari wa sumu huchukulia kuwa chuma kinachozidi miligramu 60 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kinaweza kuua. Mtoto wa mwaka mmoja mwenye kilo 10 hufikia kiwango hicho kwa vidonge kumi tu, na vidonge vya mwezi mmoja vya mama yake vinatosha kuwafikisha watoto watatu wa umri huo katika hatari hiyo. Aghalabu vidonge hivyo ni vyekundu, vinang'aa, na vimepakwa sukari kwa nje.

Mwili wa binadamu hauna njia ya kukitoa nje chuma kilichozidi. Unachoweza ni kukizuia kidogo kisiingie kupitia utumbo. Kikija kwa wingi, kizuizi hicho huvunjika. Mtoto hutapika, pengine damu, na huharisha. Kisha hutokea jambo ambalo limewahadaa wazazi na hata wauguzi: kati ya saa 6 na saa 24 baadaye mtoto huonekana amepata nafuu. Ni nafuu ya uongo. Baada yake shinikizo la damu huweza kushuka ghafla na ini likaanza kushindwa kufanya kazi.

Maziwa hayaondoi sumu hiyo, na mkaa wa hospitali, unaosaidia katika sumu nyingi nyingine, haushiki chuma. Dawa inayokinasa ni deferoksamini, nayo haipatikani katika kila zahanati. Kwa hiyo mtoto aliyemeza vidonge hivyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo hata kama ameacha kutapika, na kibahasha kilichobaki kiende pamoja naye ili daktari aweze kuhesabu.

Marekani ilipitia msiba huo mapema. Hadi miaka ya 1990, vidonge vya chuma vilikuwa miongoni mwa sababu kuu za vifo vya watoto wadogo kwa sumu nchini humo. Mwaka 1997 mamlaka ya vyakula na dawa iliamuru maandishi ya onyo, na kwamba vidonge vyenye miligramu 30 au zaidi vifungwe kimoja kimoja, ili mtoto asiweze kumimina vyote mdomoni kwa mara moja. Amri hiyo ya vifungashio ilibatilishwa na mahakama mwaka 2003, lakini katika miaka iliyofuata mwaka 1997 vifo vilikuwa vimepungua kwa kiasi kikubwa. Kilichobadilika ni karatasi na plastiki. Kemikali ilibaki ile ile.

Funzo la Pemba

Wapo watakaosema kwamba maonyo ya namna hii ni anasa katika nchi ambazo watu wamepungukiwa damu. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa Tanzania wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kuwa asilimia 58 ya watoto wenye umri kati ya miezi sita na miaka mitano walikuwa na upungufu wa damu. Mjamzito anayekosa chuma huweza kufa kwa kutokwa na damu ambayo mwingine angeistahimili. Chuma huokoa maisha, na hakuna daktari makini anayelipinga hilo.

Hata hivyo, ni kisiwani Pemba, si Ulaya wala China, ambako dunia ilifundishwa kwamba hata kipimo sahihi kinaweza kudhuru. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti walioshirikiana na Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, iliyoko Wawi, waliwapa maelfu ya watoto wenye umri wa mwezi mmoja hadi miezi 35 kiasi kidogo cha chuma kila siku: miligramu 12.5 pamoja na asidi ya foliki, na nusu yake kwa wasiotimiza mwaka. Hicho ndicho kilichokuwa kikishauriwa wakati huo. Wengine walipewa zinki, wengine vyote, na wengine kidonge kisicho na kitu.

Tarehe 19 Agosti 2003 kamati iliyokuwa ikifuatilia usalama wa watoto hao ilipendekeza utoaji wa chuma usimamishwe. Kati ya watoto zaidi ya 24,000, waliopewa chuma na foliki walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 12, wa kufariki au kulazwa hospitalini kwa ugonjwa mkali. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Lancet mwezi Januari 2006, pamoja na ya utafiti kama huo uliofanyika Nepal. Huko Nepal, mahali ambapo malaria haikuwa tatizo kubwa, madhara hayo hayakuonekana.

Malaria ndiyo iliyotofautisha mahali hapo pawili. Katika kundi dogo la watoto wa Pemba waliopimwa damu na kutibiwa malaria kwa karibu zaidi, wale waliokuwa na upungufu wa kweli wa chuma walinufaika. Chuma kilimsaidia aliyekikosa, na kilikuwa hatari kwa yule aliyekuwa nacho cha kutosha huku akiishi na vimelea vya malaria bila matibabu ya karibu. Shirika la Afya Duniani lilibadili ushauri wake, na mwongozo wake wa mwaka 2016 unasema kwamba katika maeneo ya malaria watoto wapewe chuma sambamba na hatua za kuzuia, kupima na kutibu ugonjwa huo.

Pemba yenyewe imebadilika tangu wakati huo. Vyandarua na dawa mseto vimeishusha mno malaria visiwani Zanzibar. Si hivyo katika sehemu nyingi za mashariki mwa Congo au kaskazini mwa Uganda. Lakini mzazi anayenunua dukani chupa ya sharubati ya kuongeza damu haulizwi na muuzaji kama mtoto wake amepimwa malaria.

Jina lililo juu ya gunia

Liko pia suala la ubora wa unga wenyewe. Salfeti ya chuma kwa sehemu kubwa ni masalia ya viwanda vinavyotengeneza rangi nyeupe ya titani, na huuzwa kwa madaraja: ya kusafishia maji, ya chakula cha mifugo, ya chakula cha watu na ya dawa. Kwa macho yote hufanana. Tofauti ni kiasi cha risasi, aseniki na metali nyingine kilichobaki ndani, na tofauti ya bei ndiyo kishawishi cha kubadilisha jina lililo juu ya gunia.

Guangzhou inalijua jambo hili kwa uchungu wake. Mwaka 2006 wagonjwa kadhaa walifariki katika hospitali moja ya chuo kikuu jijini humo baada ya kudungwa sindano za dawa iliyotengenezwa mkoa wa mbali wa Heilongjiang. Kiwanda kilikuwa kimenunua kiyeyushi kilichoandikwa jina la kemikali salama. Ndani yake mlikuwa na nyingine yenye sumu inayoharibu figo. Nyaraka zilikuwapo, na zilikuwa za uongo.

Afrika Mashariki sasa inaingiza chuma kwa milango miwili. Uganda mwaka 2011 na Kenya mwaka 2012 zililazimisha unga wa mahindi na ngano unaotoka viwandani uongezwe madini na vitamini, na Tanzania nayo ina kanuni za mwaka 2011. Chuma cha unga wa ugali ni chakula, cha kidonge ni dawa. Tanzania ilitenganisha mamlaka hizo mwaka 2019, chakula kikaenda Shirika la Viwango na dawa zikabaki kwa TMDA. Kenya ina Bodi ya Famasia na Sumu, jina ambalo angalau halifichi kitu.

Tangu mwezi Aprili mwaka 2020, Waafrika wengi walipofukuzwa katika nyumba walizopanga Guangzhou wakati wa janga la Covid-19, mfanyabiashara anayeagiza kwa simu kupitia wakala hana nafasi ya kuliona gunia kabla halijapakiwa. Anachoweza kudai ni cheti cha uchunguzi wa maabara chenye namba ya toleo husika, kinachotaja daraja la unga na kiasi cha risasi, kisha apeleke sampuli ipimwe nchini kwake kabla ya kulipa fedha zilizobaki. Vifungashio vya kidonge kimoja kimoja navyo huagizwa katika jiji hilo hilo.