Unapohama nyumba, daftari la kliniki lisiende kwenye kiroba

Msomaji wangu, kama unaishi nyumba ya kupanga, jaribu kukumbuka mara ya mwisho ulipohama. Nani alibeba televisheni? Nani alishika kioo kisivunjike? Na daftari lako la kliniki lilikaa wapi? Maswali mawili ya kwanza wengi wetu tunayajibu haraka. La tatu hutufanya tukune kichwa.

Wiki hii tuzungumzie hilo swali la tatu, maana nimeona jinsi lilivyokaribia kumgharimu rafiki yangu mkono wake wa kulia. Rafiki yangu ni mchoraji, na mkono huo ndio unaolisha watoto wake watatu. Ameniruhusu nisimulie yaliyompata ili wengine wajifunze. Jina lake tuliache.

Ana miaka 47. Anachora kwa mtindo wa Tingatinga, ulioanzishwa jijini Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 na Edward Saidi Tingatinga, aliyechora wanyama na ndege kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya ubao wa dari. Siku hizi wachoraji wengi hutumia kitambaa kilichowambwa kwenye fremu, lakini rangi bado ni zile za kung'aa, zenye harufu kali.

Kwa miaka mingi siku yake ilikuwa na mpangilio. Aliamka alfajiri katika chumba na sebule alichopanga Mwananyamala, akanywa chai, akameza kidonge chake cha presha, kisha akatembea kwa mguu hadi Oysterbay, anakochora na wenzake. Ni mwendo wa karibu saa nzima. Huko walikaa kibarazani penye upepo, huyu akichanganya rangi, yule akimalizia madoa ya chui. Jioni alirudi nyumbani. Mara moja kwa mwezi alipita zahanati iliyokuwa mtaa wa pili kutoka kwake, akapimwa na kupewa dawa. Akichelewa siku mbili tu, muuguzi alimwuliza, "Baba, ulisafiri?"

Usiku ulikuwa wa filamu. Huyu ni mtoto wa vibanda umiza, wa enzi zile filamu za Marekani zikitafsiriwa kwa Kiswahili na sauti moja inayoigiza watu wote. Mpaka leo anaipenda Commando ya mwaka 1985, na Rambo ile ya kwanza ya mwaka 1982, ambamo jamaa anajishona mwenyewe jeraha la mkono porini. Miaka ya karibuni amependa pia Vuta N'kuvute, filamu ya Amil Shivji iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi. Anasema anaitazama kwa ajili ya rangi za Zanzibar.

Kisha mwenye nyumba akapandisha kodi, na akaitaka ya miezi sita kwa mkupuo. Mauzo ya picha hayana tarehe. Wiki hii anakuja mgeni ananunua tatu, halafu mwezi mzima unapita hajanunua mtu. Mchoraji hana mwajiri wa kumkopesha. Akatafuta kodi nafuu, akaipata Chanika, pembezoni kabisa mwa jiji. Likakodiwa gari la kirikuu, vitu vikapakiwa Jumapili asubuhi. Picha zilizokamilika zilizungushiwa mashuka. Televisheni ilikaa mapajani mwa mwanawe wa kwanza njia nzima. Daftari la kliniki, pamoja na vidonge vya siku tisa vilivyobaki, viliingia kwenye kiroba cha viatu na nyaya.

Kiroba hicho kilikaa nyuma ya mlango bila kufunguliwa kwa wiki kumi.

Nisikilize vizuri hapa, msomaji, kwa sababu hakuna siku hata moja rafiki yangu aliyokaa akaamua kuacha dawa. Siku ya kwanza alikuwa anafunga vitanda. Ya pili alikuwa anatafuta fundi wa umeme. Wiki ya kwanza ilipoisha, akagundua kwamba hajameza kidonge na bado yuko mzima. Hakuumwa kichwa, hakusikia kizunguzungu. Zahanati yake sasa ilikuwa mbali, nauli ya kwenda na kurudi ni fedha, na foleni ingemla siku nzima. Akasema atakwenda mwisho wa mwezi.

Na kuhama kulibadili mambo mengine matatu ambayo hakuyahesabu. La kwanza ni ile safari ya mguu, ambayo ndiyo iliyokuwa mazoezi yake. Sasa alisafiri kwa daladala, na siku nyingi hakwenda kabisa, akachorea nyumbani. La pili, nyumbani hapakuwa na kibaraza. Alichorea chumba cha kulala, mlango umefungwa kuzuia vumbi, makopo ya rangi na tina yakiwa wazi mpaka usiku. La tatu, wenzake wa Oysterbay, ambao wangemwona na kumwambia "mbona macho mekundu", hawakumwona tena kila siku.

Maumivu ya kichwa yalipoanza wiki ya nane, alisingizia rangi. Hakukosea sana. Mvuke wa tina katika chumba kisicho na hewa huumiza kichwa na kuleta kizunguzungu. Lakini jibu hilo la nusu lilimzuia kutafuta nusu ya pili.

Wiki ya kumi, usiku, alikuwa anatazama Commando kwa mara ambayo hata yeye hajui ni ya ngapi. Rimoti ikamponyoka. Akataka kuiokota, vidole havikushika. Alijaribu kumwita mkewe, maneno yakatoka mazito kama ya mlevi. Mkewe alipotoka jikoni alimkuta ameketi, mkono wa kulia umelala pajani. Baada ya kama robo saa, mkono ukarudi. Maneno yakarudi. Mkewe akasema waende hospitali usiku uleule.

"Mkono si umerudi?" akamjibu. "Ni ganzi ya kukalia vibaya. Ngoja filamu iishe."

Aliingoja filamu iishe, kisha akalala. Asubuhi mkewe aliita bodaboda bila kumwuliza. Hospitalini presha yake ilisoma 196 kwa 118.

Kilichompata kinaitwa kiharusi cha muda. Mshipa wa damu kwenye ubongo huziba kwa dakika chache, kisha damu hupita tena. Kwa kuwa dalili huisha zenyewe, watu wengi huona hatari imepita. Kumbe huo ni wakati wa hatari zaidi, kwani kiharusi kamili kinaweza kufuata ndani ya siku chache, hasa katika saa 48 za mwanzo. Rafiki yangu alilala saa nane katika dirisha hilo la hatari. Aliamka mzima kwa bahati, na bahati haiandikwi kwenye cheti cha dawa.

Basi kariri dalili hizi. Uso kuvutwa upande mmoja, mkono au mguu kulegea ghafla, maneno kutoka vibaya au kutotoka kabisa. Ukiona hata moja, angalia saa, kisha nenda hospitali kubwa iliyo karibu papo hapo, hata kama dalili imeisha. Mahali ambapo dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda inapatikana, kwa kawaida hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, na baada ya vipimo. Usimpe mgonjwa chakula wala kinywaji, na usimmezeshe vidonge vya jirani.

Niliposimulia kisa hiki kwa watu kadhaa, wengi walisema neno moja: uzembe. Mimi nakataa. Mtu aliyekwenda kliniki kila mwezi kwa miaka sita si mzembe. Alikuwa na utaratibu uliosimama juu ya nguzo nne: zahanati ya mtaani, mwendo wa asubuhi, kibaraza chenye hewa na watu wanaomjua. Kuhama kuliziangusha zote kwa siku moja, naye akaona ameangusha anwani tu. Wala tusizilaumu filamu. Ni kweli, sijawahi kumwona Rambo akimeza kidonge cha presha, lakini anayejishona jeraha porini walau analiona jeraha lenyewe. Presha haina jeraha.

Hapo ndipo ugumu wa maradhi haya ulipo. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilieleza mwaka 2021 kwamba watu wapatao bilioni 1.28 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 wana shinikizo la juu la damu, na karibu nusu yao hawajijui. Hesabu huanzia 140 kwa 90, ikipimwa zaidi ya mara moja kwa siku tofauti. Wengi hawasikii dalili yoyote. Ukiacha dawa hutasikia kengele, utajisikia vilevile, pengine vizuri zaidi kwa kuwa hujaamka mapema kupanga foleni. Kipimo pekee cha kuaminika ni mashine. Hisia zako hazimo.

Nina maoni yangu kwa vituo vya afya pia. Kliniki zetu zimepangwa kana kwamba mgonjwa atakaa mtaa mmoja mpaka uzeeni. Wapangaji hatuishi hivyo. Kodi ikipanda, tunahama. Naomba kila anayempima mgonjwa wa presha, kisukari, pumu au anayetumia dawa za VVU aongeze swali moja fupi: "Unatarajia kuhama?" Akijibu ndiyo, apewe barua ya rufaa na dawa za kumfikisha kwenye kituo kipya. Swali hilo halihitaji bajeti.

Na kwa wasanii na wengine wasio na mwajiri: Bunge lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote mwaka 2023. Vikundi vyenu vya wachoraji, wachongaji, waigizaji na wanamuziki visiishie kugawana meza za kuuzia. Mashine moja ya kupimia presha ikikaa mahali mnapofanyia kazi, mkapimana kila Jumatatu, asiyefika wiki mbili atapigiwa simu. Rafiki yangu hakupigiwa simu na mtu.

Kwako unayejiandaa kuhama, haya ndiyo ninayokuomba. Wiki moja kabla, nenda kliniki ukiwa mzima, useme unahama na unahamia wapi. Omba barua na dawa za kutosha. Piga picha daftari lako na vifuniko vya dawa kwa simu, uitume pia kwa ndugu mmoja. Siku ya kuhama, daftari, dawa, kadi ya bima na miwani viingie kwenye mkoba unaovaa mwilini, pamoja na fedha na simu. Visipande kwenye gari. Usiku wa kwanza kidonge kiwekwe palepale penye mswaki. Kabla wiki mbili hazijaisha, kijue kituo cha afya cha mtaa mpya kama ulivyokijua kisima na duka.

Ukifika, tazama ni mwendo gani umeupoteza, na uurudishe. Dakika 150 kwa wiki za kutembea kwa haraka zinatosha kuanzia, yaani nusu saa kwa siku tano. Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, ambayo ni kama kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote, hata vile vya mama lishe. Wiki za kuhama watu hula chipsi na vyakula vya njiani, na chumvi hujificha humo.

Kama unatumia rangi, usilale chumba kimoja nayo. Fungua madirisha, funika makopo, nawa mikono kabla ya kula, na usilainishe brashi kwa midomo. Baadhi ya rangi za mafuta zina madini ya risasi, ambayo hupandisha presha kwa watu wazima na kuharibu ubongo wa watoto. WHO inasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Kama huna chumba cha pili, chora nje.

Rafiki yangu sasa anachora uani, chini ya turubai alilofunga kwenye mwembe. Zahanati ameipata, iko dakika 20 kwa mguu, naye huenda kwa mguu. Mkono umerudi, ingawa anasema madoa madogo ya chui humchukua muda kidogo kuliko zamani. Mwezi uliopita alinipigia simu. Mwenye nyumba mpya ameanza kuzungumzia kodi.

"Kaka, nikihama tena," akaniambia, "televisheni itabebwa na yeyote. Daftari nalibeba mimi."

Nenda kaangalie, msomaji. Lako liko wapi sasa hivi?