Mwenye Goti Bovu Asiondolewe Mkekani

Katika chama chetu cha judo pana desturi moja ambayo haikuandikwa po pote, lakini kila mwanachama huijua. Mwanafunzi akiumia kiungo, akakaa majuma 4 bila kupigana, nafasi yake katika timu hupewa mwingine, na vazi lake la judo hupewa mwanachama mpya. Desturi hiyo haikuanzishwa kwa ubaya. Mavazi tuliyo nayo ni machache, na wanaoyataka ni wengi. Lakini mimi naona kuwa yatudhuru, nami napenda kueleza kwa nini, ili wanafunzi wenzangu, walimu wetu na wazazi wetu waipime.

Dhara la kwanza ni kwamba yatufundisha kuficha. Yuko mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Pili ambaye muhula uliopita alikuwa akifunga kifundo cha mguu kwa kitambaa usiku bwenini, taa zikiisha kuzimwa, ili mtu asijue kwamba kimevimba. Alikuwa amebakiza siku 9 afikie mashindano yake ya kwanza. Akapanda mkekani, akatupwa, na uvimbe ambao ungaliweza kupoa kwa majuma machache ukawa ugonjwa wa muhula mzima. Wazee walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Kifundo cha mguu hakiui, lakini nacho humuumbua mtu vizuri sana.

Juu ya jambo hili pana maoni mawili. Wazazi wengi husema, "Umeumia, basi acha mchezo huo, kashike vitabu." Vijana wengi husema, "Mwanamume havunjwi na maumivu, funga bendeji ukapigane." Mimi siyakubali yote mawili. Yapo maoni ya tatu, nayo ni haya: mwenye kiungo kibovu abaki mkekani, ila afanye yale tu ambayo kiungo chake chayaweza, naye ahesabiwe kuwa mwanachama kamili.

Kabla ya kuendelea yafaa tujue kwa nini kiungo hukawia kupona. Tuchukue mfano wa goti. Hapo mfupa wa paja hukutana na mfupa wa muundi. Ncha za mifupa hiyo zimefunikwa kwa gegedu laini litelezalo, na mifupa yenyewe imefungwa pamoja kwa ligamenti, ambazo ni kama kamba ngumu. Sasa, misuli hupata damu nyingi, kwa hiyo hupona upesi. Ligamenti hupata damu kidogo, na gegedu halina mishipa ya damu kabisa. Ndiyo sababu maumivu ya msuli yaweza kwisha kwa siku chache, nayo ya goti yakakaa miezi.

Tena, mtu aumiapo goti hulipunguzia kazi, na misuli ya paja hunywea. Lakini misuli hiyo ndiyo ilishikayo goti lisiyumbe. Misuli ikilegea, goti huyumba. Likiyumba, huumia tena. Likiumia tena, misuli hulegea zaidi. Basi kukaa kitako tu si dawa, na kupigana si dawa. Dawa ni kazi yenye kipimo.

Haya sikuyasoma kitabuni tu. Goti langu la kulia liliumia mwezi wa Machi mwaka jana, mwenzetu mmoja alipotupwa katika mkeka wa jirani akaniangukia mguu kwa upande. Hospitali waliona kwamba hakuna mfupa uliovunjika, ila ligamenti ya upande wa ndani imevutika. Vazi langu lilichukuliwa katika juma la 5, kama desturi ilivyo. Nikaendelea kuja mazoezini kwa kaptura na fulana. Hata leo goti halijarudi kama zamani. Nikishuka ngazi huniuma, na siwezi kupiga magoti kwa muda mrefu. Katika judo jambo hilo si dogo, maana salamu zetu za kuanza na kumaliza mazoezi hufanywa kwa magoti. Mwalimu ameniruhusu kusalimu nikiwa nimesimama. Mwanzoni wadogo walicheka. Sasa hakuna anayenitazama.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo pale hospitali alinipa kazi tatu. Ya kwanza, kukaa mguu ukiwa umenyooka, kukaza misuli ya paja na kuhesabu mpaka 10, kisha kulegeza. Ya pili, kusimama kwa mguu mmoja; hiyo naifanya kila asubuhi nipigapo mswaki. Ya tatu, kupanda na kushuka kidato kifupi pole pole. Akanipa na sheria moja ambayo naikumbuka kuliko zote: ukiamka kesho yake na goti limevimba au linauma kuliko jana, basi kazi ya jana ilizidi, ipunguze. Kwa sheria hiyo goti lenyewe ndilo linalonipangia mazoezi, wala si fahari yangu, wala si maneno ya watazamaji.

Je, mkekani mtu wa namna yangu ana kazi gani? Anayo kazi tele. Aweza kujifunza kushika na kuvuta bila kutupwa. Aweza kufanya mapambano ya chini yale ambayo goti lake layavumilia. Aweza kushika saa, kuhesabu alama na kusoma kanuni za uamuzi, na chama chetu kina upungufu mkubwa wa waamuzi. Aweza pia kutazama. Wajapani wanalo neno kwa kazi hiyo, mitori-geiko, yaani mazoezi ya kutazama, nao huyahesabu kuwa mazoezi ya kweli. Mimi nimejifunza mengi kwa kukaa kando na kutazama miguu ya wenzangu kuliko nilivyojifunza nilipokuwa nikitupwa huku na huku.

Na judo yenyewe ina mlango wa watu kama sisi. Jigoro Kano, aliyeanzisha mchezo huu huko Tokyo mwaka 1882, alikuwa mwalimu wa shule. Mwaka 1887 alitunga zoezi liitwalo Ju no Kata, lenye mbinu 15, ambalo wawili hulifanya pole pole, hakuna amtupaye mwenziwe chini, na hata nguo za kawaida zatosha. Aliyelifanya lijulikane ulimwenguni ni Bibi Keiko Fukuda, mjukuu wa mmoja wa walimu wa Kano. Alilionyesha katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo mwaka 1964, wakati judo ya wanaume ilipoingia Olimpiki kwa mara ya kwanza. Alifariki mwaka 2013 akiwa na umri wa miaka 99, baada ya kufundisha judo hata katika uzee wake. Nani atasema kwamba mama yule hakuwa mwanajudo kwa sababu hakuwa akibwaga watu?

Najua wenzangu watanijibu kwa jina moja: Yasuhiro Yamashita. Mwaka 1984 huko Los Angeles aliumia msuli wa mguu katikati ya mashindano ya Olimpiki, akaendelea akichechemea, akatwaa medali ya dhahabu. Ni kweli, na alistahili sifa. Lakini watu hukumbuka mwaka 1984 wakausahau mwaka 1980. Mwaka huo Yamashita huyo huyo alivunjika mfupa wa mguu kwa pigo liitwalo kani basami, ambalo miguu ya mshambulizi humkata mwenziwe kama mkasi. Hakupigana na mguu uliovunjika. Alitibiwa, akangoja, akarudi, na mwaka 1981 akawa bingwa wa dunia. Tena fainali ya Olimpiki huja mara chache katika maisha ya mtu, lakini mazoezi yetu ya Jumatano huja kila Jumatano. Hakuna sababu ya kulipa bei ya Olimpiki kwa ajili ya Jumatano. Na pigo lile la mkasi limekatazwa mashindanoni, maana mchezo wenye akili hujali viungo vya wachezaji wake.

Tukumbuke pia kwamba katika mashindano ya judo hakuna kiungo kiruhusiwacho kukazwa ila kiwiko, na anayekazwa hupiga mkeka kwa mkono mara mbili, na mwenziwe humwachilia mara moja. Kila mmoja wetu alifundishwa jambo hilo mapema. Hatumwiti mwoga apigaye mkeka. Basi kwa nini tumwite mwoga asemaye, "Goti langu linauma, leo sipigani"? Naye amepiga mkeka, ila kwa maneno. Kano aliacha mafundisho mawili makubwa: kutumia nguvu kwa namna iliyo bora, na kufaana, wewe na mwenzako. Kumtupa mtu ambaye wajua ana goti bovu kwavunja mafundisho yote mawili.

Kwa hiyo nina maombi matatu.

Kwa wanafunzi wenzangu: semeni mapema. Mwambie mwalimu, na mwambie mwenzako kabla hamjashikana, "Upande huu unauma." Msimeze vidonge vya maumivu ili mkapigane, maana kidonge hunyamazisha maumivu lakini hakiponyi goti.

Kwa wazazi wetu: msitutoe mchezoni upesi, lakini mtupeleke hospitali upesi. Kijana anayekua ana sehemu laini karibu na ncha za mifupa yake, mahali mfupa unaporefukia, na huenda sehemu hiyo ikawa ndiyo iliyovunjika hali nyumbani mwadhani ameteguka tu. Basi msikubali kiungo kilichoumia leo kivutwe au kukandwa kwa nguvu na mtu ye yote kabla hakijapimwa. Na mtoto asiyeweza kukanyaga, au ambaye goti lake hukwama lisikunjuke, au ambaye kiungo chake ni cha moto na mwili una homa, asingoje kesho. Mkiisha kujua hakika ya jeraha, ndipo mwamue. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Kwa walimu wetu: tuiache desturi ya majuma 4. Liwepo daftari ambalo kila aliyeumia ataandikwa kiungo chake, siku aliyoumia, kazi aliyopewa, na siku aliyoruhusiwa kutupwa tena. Mavazi ya waliojeruhiwa yaweza kuazimwa, lakini majina yao yasifutwe. Mtu akijua kwamba nafasi yake inamngoja, hana haja ya kufunga kitambaa gizani.

Chama kitakutana juma la kwanza la muhula ujao. Nimeomba jambo hili liwekwe katika mazungumzo ya siku hiyo, na katibu amekubali. Wenye maoni mengine waje wayaseme. Nami nitakuwapo, nikiwa nimesimama.

Mwanachama wa Judo,
Kidato cha Nne