Meza ya Kulia Isipinde

Jamaa za Mwakiro, kaskazini mashariki mwa Burundi, huzijua nyakati mbili: mvua, kisha kiangazi kikavu kianzacho Juni. Mbao nazo huzijua. Unyevu ukizidi hupanuka, ukipungua husinyaa, nazo hufanya hivyo kwa upana, si kwa urefu. Meza ya mbao tupu yenye upana wa mita moja huweza kubadilika kiasi cha sentimeta nzima. Hapo ndipo meza ya kurefushwa humwaibisha mwenyewe: wageni wamefika, kibao cha kurefushia kimepinda, hakiingii.

Kosa kubwa ni la seremala aukazaye uso wa meza kwa gundi na misumari. Ubao usipopata pa kwendea hupasuka. Vipande vya kuushikilia kwa chini na vikazwe kwa skrubu zipitazo katika matundu yaliyorefushwa kufuata upana wa meza, ili uso uweze kuteleza bila kubinuka.

Vanishi ipakwe chini sawa na juu. Wengi huibania huko chini kwa kuwa hakuonekani. Kumbe upande ulioachwa mtupu ndio unyonyao na kupoteza unyevu upesi, na ubao hupinda.

Grevilea, mti uliopandwa kwa wingi nchini humo, hutoa mbao nzuri zikikauka sawasawa. Mnunuzi na aulize zimekaushwa muda gani. Kibao cha kurefushia kilazwe chumba kimoja na meza, kisiegemezwe ukutani.

Uso uliokwisha kupinda wakati wa kiangazi usirandwe kwa haraka. Huenda mvua zikirudi ukanyooka wenyewe.