Lisemwalo Lipo? Mwulizeni Mwepu Kwanza

Wahenga walinena kuwa lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kwa heshima zote kwa wahenga wetu, mimi leo napinga. Katika kandanda mengi yasemwayo hayapo wala hayako njiani. Yanasemwa kwa sababu yanachekesha, basi.

Chukueni mfano wa Mwepu Ilunga, beki wa Zaire, nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mwaka 1974 Zaire ilicheza na Brazil katika Kombe la Dunia huko Ujerumani Magharibi. Brazil wakapewa frikiki, Zaire wakapanga ukuta. Refa alipopuliza kipenga, Mwepu alichomoka ukutani mbio, akaufikia mpira kabla ya Wabrazil kuugusa, akaupiga teke ukaenda huko! Akaonyeshwa kadi ya manjano. Ulimwengu ukaangua kicheko: eti Waafrika hawa hata sheria za mpira hawazijui. Picha hiyo huonyeshwa mpaka leo, na kicheko ni kile kile.

Hebu tufikirini, jamani. Zaire hawakuokotwa njiani. Mwaka huo huo walikuwa wametwaa Kombe la Mataifa ya Afrika kule Misri, na mshambuliaji wao Ndaye Mulamba akafunga mabao 9. Ndio waliokuwa timu ya kwanza kutoka kusini mwa Sahara kufika Kombe la Dunia. Je, mtu atalishinda bara zima bila kujua frikiki ni nini? Hata mtoto wa darasa la tatu anayecheza mpira wa makaratasi anajua!

Mwepu mwenyewe alikuja kuulizwa miaka mingi baadaye. Alisema sheria alizijua sana, na alifanya vile makusudi. Wachezaji hawakuwa wamelipwa pesa walizoahidiwa. Tena walikuwa wamefungwa na Yugoslavia mabao 9 kwa bila, na kwa masimulizi yake, watu wa Rais Mobutu waliwaonya kuwa wakifungwa na Brazil mabao manne hawatarudi nyumbani. Alitaka refa amfukuze uwanjani. Mchezo uliisha 3 kwa bila. Kumbe mtu tuliyemcheka alikuwa na hofu na hasira moyoni!

Mtu ataniuliza, "Wewe unajuaje kwamba Mwepu hakujitetea tu?" Swali zuri. Sijasema tumwamini kila neno. Nasema kwamba yeye alikuwepo uwanjani, na wanaocheka hawakuwepo. Ushahidi wake una uzito kuliko kicheko.

Tena si kila fumbo la timu ile limefumbuliwa. Katika mchezo ule wa Yugoslavia, kocha wa Zaire, Blagoje Vidinić, alimtoa mlinda lango Kazadi baada ya mabao matatu tu, akamwingiza Tubilandu. Kocha huyo naye alikuwa raia wa Yugoslavia! Basi uvumi ukaenea kuwa aliwauzia ndugu zake mchezo. Wengine wakasema amri ilitoka kwa wakubwa wa serikali. Hapa mimi nasimama katikati. Kuzaliwa nchi moja na mpinzani si ushahidi wa kuuza mchezo. Kama ingekuwa hivyo, kila mwalimu ambaye mtoto wake anasoma hapa shuleni angeitwa mwizi wa mitihani.

Na uvumi unaweza hata kumzika mtu akiwa hai. Mwaka 1998, wakati wa Kombe la Mataifa ya Afrika huko Burkina Faso, watu walisimama kimya dakika moja kumwomboleza Ndaye Mulamba, kwa kuwa ilivumishwa amekufa mgodini Angola. Kumbe mzee yu hai, anaishi Afrika Kusini! Alifariki mwaka 2019, miaka 21 baadaye. Yaani mfungaji wa mabao 9 aliliwa matanga na hakuna aliyejisumbua kumtafuta kwanza.

Wasomaji wenzangu, ugonjwa huu uko hata kwetu. Timu ya darasa ikishindwa, utasikia "refa alihongwa," au "hao wamekuja na mganga." Nani aliona? Hakuna. Lakini kufikia Ijumaa habari imezunguka shule nzima, na aliyetajwa hana pa kujitetea.

Kwa hivyo naleta pendekezo kwa Chama chetu cha Kiswahili. Wako wazee waliochezea klabu zetu na timu ya taifa. Wako waliokuwa na Gor Mahia ilipotwaa Kombe la Mandela mwaka 1987 dhidi ya Espérance ya Tunisia. Tuwatafute wale tunaoweza kuwafikia, tuwaulize maswali kwa adabu, tuandike majibu yao katika jarida hili. Mwepu alifariki mwaka 2015. Yeye angalau aliulizwa. Wetu tukingoja sana, tutabaki na uvumi peke yake, na uvumi haujui kujibu maswali.

Kalamu yangu naiweka chini hapo. Mwenye kupinga na apinge, lakini aje na ushahidi!

— Mwanachama, Kidato cha Tatu