Mkirudi kutoka mlimani, safari haijaisha

Likizo inapokaribia, mabwana na mabibi wengi wa mijini hushughulika na gari. Breki hukaguliwa, magurudumu hubadilishwa, petroli hujazwa na chakula cha njiani hufungwa. Siku hizi wapo hata wanaofunga hema juu ya gari, au wanaotandika godoro nyuma ili walale humo humo. Mimi kama daktari ninawaunga mkono, kwani akili ya mtu wa mjini inahitaji kupumzishwa. Lakini, mpenzi msomaji, matayarisho hayo yote ni ya kwenda. Wanaojitayarisha kurudi ni wachache mno, ilhali huko ndiko hatari kubwa iliko. Wahenga walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani.

Tuchukue mfano wa safari ya Sagalla. Kilima hiki kiko kusini mwa mji wa Voi, katika Kaunti ya Taita Taveta. Kilele chake kinakaribia mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na Voi iliyo chini yake ni takriban mita 600. Kutoka Nairobi hadi Voi ni kilomita zipatazo 330, na kutoka Mombasa ni kama 150. Mkipanda Sagalla mnaliacha joto la nyika na kukuta upepo wa baridi na ukungu.

Baridi hiyo ina mtego wake kwa wanaolala garini. Msithubutu kuingiza jiko la makaa ndani ya gari au hema, wala kulala injini ikinguruma. Gesi ya sumu inayotoka humo haina harufu wala rangi. Humlaza mtu usingizi asiamke. Blanketi la pili ni kinga tosha.

Siku ya kurudi inapofika, jaribio la kwanza ni mteremko. Dereva anayekanyaga breki kutoka juu hadi chini huzichemsha, na breki zilizochemka hazishiki. Teremka kwa gia uliyopandia.

Jaribio la pili ni usingizi katika barabara kuu. Aghalabu mtu huwa amekesha akipiga gumzo na jamaa, akaamka alfajiri kufunga mizigo, kisha anataka kufika Nairobi jioni kwa sababu kesho ni kazi. Ubongo uliochoka huiba kijiusingizi cha sekunde chache hata macho yakiwa wazi. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, sekunde tatu ni zaidi ya mita 80 bila dereva. Kahawa husaidia kwa muda mfupi, na redio na dirisha lililofunguliwa havisaidii sana. Dawa ya usingizi ni usingizi. Pumzikeni kila baada ya saa mbili, na mkichoka, egesheni mahali salama mkalale dakika 20.

Hapa ndipo faida ya kusafiri wawili inapoonekana, lakini mabwana wengi huikataa. Bibi ana leseni, amepumzika, naye bwana anapiga miayo huku ameng'ang'ania usukani kana kwamba heshima yake imo humo. Bwana, mpe mwenzio usukani. Na wewe bibi, ukiona gari linayumba au mumeo hakumbuki kilomita alizopita punde hivi, usinyamaze kwa kuogopa ugomvi.

Kadhalika, msisafiri usiku. Ndovu wa Tsavo Mashariki hufika hadi mashambani chini ya Sagalla, hata baadhi ya wakulima wametundika mizinga ya nyuki kuzunguka mashamba yao kwa kuwa ndovu huogopa nyuki. Gari lako halina mizinga.

Sasa mmefika nyumbani salama na gari limeoshwa. Jaribio la tatu, ambalo ndilo hasa lililonifanya niandike, bado halijaanza. Huenda mlilala Voi usiku mmoja, au mliketi nje jioni katika kijiji cha chini ya mlima, mbu akawauma. Vimelea vya malaria hukaa kwanza katika ini bila dalili yoyote. Kwa malaria ile kali ambayo ndiyo iliyoenea Kenya, homa huanza mara nyingi kati ya siku ya 7 na ya 30. Wakati huo mgonjwa amekwisha sahau safari. Anasema ni mafua au uchovu wa kazi, na kwa vile malaria si ugonjwa wa kawaida Nairobi, hata anayempima anaweza kufikiria hivyo.

Wapo watakaonijibu, "Daktari, mimi nimezaliwa huko, malaria inanijua." Ndugu yangu, kinga ya malaria si cheti cha kuzaliwa. Hujengwa kwa kuumwa na mbu mara kwa mara, na aliyeishi Nairobi miaka mingi huipoteza kwa kiasi kikubwa. Mwana wa Sagalla anayerudi kwao kwa wiki moja ana hatari kama mgeni. Mama mjamzito yumo katika hatari zaidi, na afadhali amwone daktari kabla ya safari.

Basi fanyeni hivi. Kabla ya kuondoka, mwulizeni daktari kuhusu dawa ya kukinga malaria, na mbebe chandarua chenye dawa, hata kama mtalala garini. Mkisharudi, andikeni tarehe ya kurudi kwenye kalenda. Yeyote kati yenu akipata homa, kutetemeka, kuumwa kichwa au kutapika katika miezi mitatu inayofuata, aende kupimwa damu siku hiyo hiyo, na neno lake la kwanza liwe, "Nilikuwa Voi." Akichanganyikiwa, akipumua kwa shida au mkojo ukiwa mweusi, apelekwe hospitalini mara moja.

Msinunue vidonge viwili vitatu dukani kwa kubahatisha. Klorokwini, iliyozoeleka zamani, iliachwa kuwa tiba ya kwanza ya malaria nchini mwaka 1998 kwa sababu vimelea vilikuwa vimeizoea. Dawa mseto ya sasa humezwa mara sita kwa siku tatu, na haina budi kumalizwa hata homa ikishuka siku ya kwanza.

Nendeni Sagalla mkafurahie hewa safi na wazee wenu. Ila ombeni kazini siku moja zaidi ya kupumzika kabla ya kushika barabara, na mkifika nyumbani, kila mmoja amchunge mwenzake hadi kalenda iwape ruhusa.