Amplifaya ya Zamani na Besi ya Kisasa: Nani Asema Hazipatani?

Kuna neno moja ambalo limenichosha masikio kuliko kelele zenyewe. Ni hili: "Hiyo ya zamani haishikani na ya kisasa." Muuza duka atakwambia hivyo, fundi wa mtaani atakwambia hivyo, na mwishowe hata watoto wa nyumbani mwako watakwambia vivyo hivyo. Mimi nasema si kweli, na hasara niliyoipata kwa kulisadiki neno hilo nusunusu nitaieleza hapa.

Marehemu kaka yangu aliacha amplifaya aliyoinunua mwaka wa 1977, ya wati 30 kila upande, pamoja na sanduku zima la santuri. Humo mna benga ya D. O. Misiani na Shirati Jazz, mna Les Wanyika, na rumba kutoka ng'ambo ya Ziwa. Spika zake kubwa ziliozeshwa na unyevu, nikanunua mbili ndogo za kuwekwa rafuni. Siku moja mpwa wangu, ambaye hapumziki bila kutikiswa na muziki wa matatu, akakaa nami kusikiliza.

"Mjomba," akaniuliza, "kwani hawa wazee wako hawakuwa na mpiga besi?"

Neno hilo liliniuma. Mpiga besi yumo! Mtu amwulizaye hivyo shabiki wa Les Wanyika ni kama amemtukana, maana gitaa la Tom Malanga ndilo lililoibeba bendi ile mgongoni. Lakini kijana hakukosea kuhusu alichokisikia. Uzi mnene kabisa wa gitaa la besi, ukipigwa wazi, hutetema mara 41 hivi kwa sekunde. Spika ndogo ya rafuni aghalabu huanza kuchoka kabla ya kushuka hadi hapo. Yaani mpiga besi alikuwa ndani ya santuri miaka yote hiyo, ila mlango wa kutokea ulikuwa mwembamba mno kwake.

Basi nikakubali ile spika ya besi waiitayo sabwufa. Nikaita fundi, ambaye jina lake nitalisitiri. Akaja na sabwufa aliyoinyofoa katika seti ya sinema ya nyumbani, isiyo na umeme wake wenyewe, akaifunga kwenye vishikilio vilevile vya spika ya kushoto. Kwa dakika ishirini tulistarehe. Kisha pakatoka harufu ya kuungua, na sauti ikakatika.

Hesabu yake ni nyepesi, na fundi yeyote angepaswa kuijua. Spika yangu ilikuwa ya omu 8, na ile sabwufa ya omu 4. Zikiunganishwa bega kwa bega, hazijumlishwi zikawa 12, bali hupungua hadi chini ya 3. Amplifaya ile imeandikwa nyuma yake kwamba isipewe mzigo wa chini ya omu 4. Umeme ukapita kwa wingi kuliko kiasi, na transista za kutolea sauti zikaungua. Fundi wa pili alihangaika majuma matatu akitafuta nyingine, maana nyingi za aina hiyo hazitengenezwi tena na za bandia zimejaa sokoni. Alizipata ndani ya maiti ya amplifaya nyingine. Wakati huo wote nilikuwa nikipita mbele ya rafu ile kama mtu apitaye penye kaburi.

Sasa, njia iliyo sawa ni ipi? Nunua sabwufa yenye amplifaya yake ndani, inayochomekwa ukutani, na utazame kama nyuma ina mahali pa kupokea nyaya za spika. Ukiwa umezima vyote, toa nyaya kwenye vishikilio vya spika zako, vya kulia na vya kushoto, uzipeleke hapo, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi. Spika zako ziache palepale. Mlango huo wa sabwufa huonja sauti tu, haunywi umeme, hata amplifaya haijui kwamba imepata mgeni. Tena ukiongeza sauti kwa kinobu chako cha zamani, besi nayo hupanda pamoja. Jambo moja la kuuliza kwanza: ziko amplifaya chache ambazo waya hasi wa kulia na wa kushoto havipaswi kugusana. Fundi akipime kabla hajafunga.

Kama sabwufa ina vitundu vidogo pekee, usithubutu kuvipelekea waya wa spika moja kwa moja. Amplifaya ya wati 30 ikifunguliwa yote hutoa volti 15 hivi, na kitundu kile kimezoea volti moja au mbili. Mafundi wa redio za magari wanacho kisanduku cha kupunguza nguvu hiyo, nacho si ghali. Wengine hukimbilia tundu la kurekodia teprekoda. Hilo halitaunguza kitu, lakini kinobu cha sauti hakilitawali. Utapunguza muziki usiku, na besi itabaki ikinguruma peke yake kama simba aliyesahauliwa zizini.

Nakubali wapo watakaosema sabwufa ni uhuni, na kwamba jirani wa ploti ana haki ya kulala. Wana haki kweli, na kanuni za kelele za mwaka wa 2009 zipo. Lakini ubaya huo hutokana na mkono wa mtu. Mimi nimeiamuru yangu ifanye kazi chini ya mitetemo 80 kwa sekunde tu, nikaishusha hadi nikadhani imezimika. Nilipoizima kweli ndipo nikajua ilikuwa ikifanya kazi. Kiasi ni hicho. Kijana wangu alitaka mara tatu ya hapo, tukabishana hadi chai ikapoa.

Hata hivyo Jumapili iliyopita nilimkuta peke yake sebuleni, santuri ya kaka inazunguka, sauti ameiweka chini. Hakunisikia nikiingia. Alikuwa akifuata gitaa la besi kwa vidole vyake juu ya goti, na wimbo ulipokwisha akainuka, akairudisha sindano mwanzo.